Korona Ikisimama: Kisa cha Ajira ya Mkonge Korogwe

Ukitoka Segera ukaishika barabara ya Moshi, mkonge unaanza kukuandama kabla hujafika Korogwe, na haukuachi mpaka uipite Mombo. Mahali pengine mistari imenyooka, imepaliliwa, majani yamesimama kama mikuki. Mwendo mfupi mbele unakuta shamba lililomezwa na vichaka, mkonge umetoa milingoti mirefu, maana yake umefika mwisho wa maisha yake na hakuna aliyepanda mwingine. Nikiyaona mashamba hayo mawili naona daftari la ajira la wilaya nzima limefunuliwa kando ya barabara.

Kisa chenyewe ni hiki. Ukikaa na wakulima wa mkonge, wanakwambia wakataji hawapatikani, jani linazidi umri shambani. Ukikaa kijiweni na vijana wa vijiji hivyohivyo, wanakwambia kazi hakuna. Wa tatu ni mtu wa takwimu, naye anakwambia vijijini ukosefu wa ajira si mkubwa, tatizo liko mijini. Kauli tatu, eneo moja, msimu mmoja. Ni rahisi kumwita mmoja wao mwongo, na anayeangukiwa na lawama mara nyingi ni kijana: anaambiwa ni mvivu, hataki jua. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na naamini wote watatu wanasema kweli. Kazi ya mkonge inakuja kwa siku, na mwenye kuzigawa siku hizo ni mashine.

Mashine hiyo wenyeji wanaiita korona. Jina hilo lilikuwa mashambani miongo mingi kabla ya ugonjwa uliokuja kuitwa hivyohivyo. Kazi yake ni kusaga na kukwangua jani mpaka zibaki singa, zile nyuzi nyeupe zinazoanikwa kwenye waya. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama laini, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Ukitaka tani 4 za singa, tani 100 za majani zikatwe, zifungwe, zibebwe, zipakiwe, zisafirishwe na kulishwa kwenye mashine, kisha tani 96 zitupwe. Hapo ndipo kazi nyingi ya mkonge inapotoka: kubeba kitu ambacho karibu chote ni cha kutupwa.

Kuna jambo moja linaloutofautisha mkonge na korosho au mahindi. Jani likishakatwa halikai. Siku moja, mbili, linaanza kukauka na kuchacha, na singa zinaharibika. Gunia la mahindi linaweza kusubiri soko. Korosho inaweza kusubiri ghalani. Jani la mkonge linasubiri likiwa shambani tu, kwenye shina lake, kabla kisu hakijaligusa. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili anayekata leo kama hajui korona itasaga kesho.

Tuangalie mkataji mmoja kwa karibu. Anaingia shambani alfajiri, kabla jua halijawa kali, na kisu kifupi na buti au viatu vya mpira kama anavyo. Anainama kwenye shina, anaanza na majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, anakata karibu na shina, anaacha majani ya kutosha juu ili mmea uendelee kuishi. Utomvu ukimrukia ngozini unawasha, ukimwingia jichoni ni balaa. Anahesabu majani 30, anayafunga, huo ni mzigo mmoja. Kisha anaubeba mpaka kando ya njia ya shamba, anaupanga, anarudi. Halipwi kwa saa alizokaa shambani, analipwa kwa mizigo aliyoipanga pale.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mkataji mzuri anatoa mizigo 70 kwa siku, yaani majani 2,100. Korona kubwa, ikiwa nzima na yenye maji na umeme wa kutosha, inaweza kusaga majani 20,000 hivi kwa saa. Kwa zamu ya saa 8 ni majani 160,000, ambayo ni kazi ya wakataji 76. Beringi ikivunjika au maji yakikatika asubuhi, hao 76 wanarudi nyumbani na visu vyao. Nyuma yao kuna wapakiaji, dereva wa trekta na utingo wake, wanaolisha majani, wanaozoa makapi, kina mama wanaoanika na kuanua singa, na watu wa kupiga singa brashi na kufunga marobota. Kazi haikupungua kwa sababu soko la dunia limeanguka, wala kwa sababu mvua haikunyesha. Imesimama kwa sababu ya kipuri, na hakuna hata mmoja wao aliyefukuzwa. Hakuna barua na hakuna notisi. Wanaambiwa tu, "Kesho njooni mtazame."

Katika mazungumzo yote ya ajira ya mkonge sijasikia sentensi inayobeba ukweli mwingi kuliko hiyo.

Ili kuelewa imekuwaje wilaya nzima ikawekwa kwenye sentensi hiyo, turudi nyuma. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikipitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Miche hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara, ikafika Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata kama kunguru anavyolifuata jembe. Tatizo la wenye mashamba tangu siku ya kwanza lilikuwa watu. Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao, mahindi yao, mihogo yao. Hawakuona sababu ya kumkatia mzungu mkonge kutwa nzima, na walipokuja walikuja kwa siku chache, wakapata fedha ya kodi, wakaenda zao.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuwaleta watu kutoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Watu wakasombwa kutoka Njombe na Iringa, Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, na Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa badala ya majina. Wajukuu wao wapo mpaka leo kwenye vijiji vya kandokando ya mashamba. Ukiyasikia majina ya ukoo, unawasikia Wabena, Waha, Wamakonde, wote wakizungumza Kiswahili cha Tanga kana kwamba hawajawahi kutoka kwingine.

Manamba alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja inawekwa alama. Zikitimia 30, analipwa. Siku hizo si lazima zifuatane. Mfumo ule ulikuwa wa ukoloni na ulikuwa na ukatili wake: aliyeshindwa kumaliza kipimo chake alirudi na siku isiyohesabiwa, na mshahara ulikaa mikononi mwa tajiri kwa wiki nyingi. Siutetei hata kidogo. Lakini kipande kilirekodi jambo moja ambalo takwimu zetu za leo hazirekodi. Kilionyesha mtu huyu alipata siku ngapi za kazi, na zilichukua muda gani kutimia.

Nchi ilipopata uhuru, mkonge ndio uliokuwa mwajiri mkuu wa mshahara Tanganyika, na walioajiriwa mashambani walizidi 100,000. Mwaka 1962 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kisheria na mambo yakabadilika haraka. Wenye mashamba waliacha kundi kubwa la watu wa kuja na kuondoka, wakachagua wachache wa kudumu waliopewa kipimo kikubwa zaidi cha kazi kwa siku. Aliyebaki alipata nafuu ya kweli: mshahara wa mwezi, nyumba ya kambi, mara nyingine zahanati na shule. Aliyeachwa hakuandikwa popote. SILABU yenyewe ilifungwa katikati ya miaka ya 1960, kwa sababu watu wa kutafutwa mbali hawakuhitajika tena.

Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, tani 230,000 hivi, na hakuna nchi iliyotushinda. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia kwenye kazi ileile iliyokuwa ikifanywa na mkonge, hasa kamba za kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani. Bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua mashamba mengi au hisa kubwa ndani yake. Watu hubishana mpaka leo nini kiliua mkonge, plastiki au utaifishaji. Kwa anayechambua ajira, jibu liko kwenye mmea wenyewe kuliko kwenye siasa.

Mkonge ukipandwa leo, unaanza kukatwa baada ya miaka 3 hivi. Ukianza, unakatwa miaka 7, 8 au zaidi, unatoa majani 200 na ziada katika maisha yake, kisha unatoa mlingoti na kufa. Shamba zuri kwa hiyo ni lile ambalo kila mwaka sehemu yake moja inapandwa upya. Ukiacha kupanda mwaka huu, hakuna anayepoteza kazi mwaka huu, isipokuwa wapandaji na wapaliliaji wachache. Wakataji wanaendelea, korona inanguruma, takwimu za ajira zinapendeza. Pigo linakuja miaka mingi baadaye, wakati aliyekataa kutoa fedha za kupanda ameshahamishwa au amestaafu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mashamba yalikula mtaji wake wa majani miaka ya 1970 na 1980, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa takriban tani 20,000 kwa mwaka, chini ya sehemu moja ya kumi ya kilele.

Ukifuata tani hizo kwa hesabu ya kawaida, ungetarajia Korogwe ifurike watu wasio na kazi. Haikufurika, na hili ndilo linalowachanganya wageni wa mambo haya.

Mtafuta takwimu anauliza: katika siku 7 zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kipato, hata saa 1? Ukisema ndiyo, umeajiriwa. Ukisema hapana, anauliza kama ulitafuta kazi na kama uko tayari kuifanya. Hiyo ndiyo tafsiri ya Shirika la Kazi Duniani. Tanzania, katika Utafiti wa Nguvukazi, huwa na tafsiri pana zaidi ya kitaifa, inayomhesabu pia aliyekata tamaa ya kutafuta, na inajaribu kumtambua mwenye kazi ya kubabaisha. Ni hatua nzuri, naipongeza kwa dhati. Lakini mkataji wa mkonge aliyekata siku 2 kati ya 7 bado anaingia kwenye safu ya walioajiriwa, karibu na mwalimu na karani. Wiki ambayo korona imesimama kabisa, anakwenda kulima mahindi kwenye kipande cha ardhi alichojipatia, na hapo pia hawi mtu asiye na kazi machoni pa watu wengi. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikubaliana Geneva kwamba kilimo cha kula nyumbani kihesabiwe kama kazi bila kuitwa ajira. Msamiati huo unafika kwenye ripoti. Kijijini, mtu mwenye jembe mkononi haulizwi kama ana kazi.

Kuanguka kwa mkonge kuliwagawa watu wa Korogwe makundi mawili, na mgawanyiko huo unaeleza mambo mengi ya leo. Mwenyeji mwenye shamba la ukoo kule milimani au bondeni alirudi huko. Alipoteza fedha taslimu, hakupoteza chakula. Mtoto wa manamba hakuwa na pa kurudi. Babu yake aliletwa na kuwekwa kambini, ndani ya ardhi ya shamba, na ardhi ile ilikuwa ya mwenye hati. Shamba lilipokufa, alibaki kwenye nyumba ya kambi isiyokuwa na mwenye kuikarabati, akaanza kulima mahindi katikati ya mkonge uliotelekezwa, kwa ruhusa ya mdomo au bila ruhusa. Baadhi ya mashamba ya mkoa huu hati zake zilifutwa baadaye na ardhi kugawiwa wananchi, na wapo waliopata nafuu kubwa. Waliobaki kwenye mashamba yenye wenyewe wana ajabu moja ya kusikitisha: mkonge ukifufuka, wanapata siku za kazi na kupoteza shamba la mahindi kwa wakati uleule. Kwenye ripoti ya mradi hilo litaandikwa kama ajira mpya. Mimi nalihesabu kama mabadilishano, na si kila mara mtu anatoka na faida.

Ufufuo wenyewe umekuja kwa awamu. Sekta ilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia hapo Korogwe ikapata kitu ambacho hakikuwapo tangu Hindorf: wakulima wadogo wa mkonge, waliopewa maeneo ndani ya yaliyokuwa mashamba makubwa. Leo wamejikusanya kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vya Hale, Magunga, Magoma, Ngombezi na Mwelya. Mwaka 2019 mkonge uliingizwa kwenye orodha ya mazao ya kimkakati. Bodi ya Mkonge ikapewa nguvu mpya, kituo cha utafiti cha Mlingano kule Muheza, kilichozalisha mkonge chotara maarufu uitwao 11648, kikaongeza uzalishaji wa miche, na lengo la kitaifa likatangazwa: tani 120,000 ifikapo 2025. Uzalishaji uliokuwapo mwanzoni mwa mpango huo ulikuwa chini ya theluthi ya kiasi hicho.

Nililiunga mkono lengo hilo. Lakini jinsi lilivyosimuliwa kwenye mikutano, miche iliyogawiwa iligeuzwa moja kwa moja kuwa ajira, na hapo napinga. Mche unatoa kazi kwa mawimbi. Mwaka wa kwanza kuna kusafisha shamba, kuchimba, kupanda. Miaka miwili inayofuata ni palizi, kazi ya jembe yenye ujira mdogo, ambayo wanawake ndio wengi. Kisha unakuja ukataji, na ghafla mahitaji ya watu wenye mikono iliyozoea kisu yanapanda kwa kishindo, wakati vijana waliokuwa wanasubiri miaka mitatu iliyopita wameshanunua pikipiki za mkopo. Na majani yote hayo mapya yanakwenda kwenye foleni ya korona zilezile, nyingine za umri wa babu zetu.

Foleni hiyo ndiyo moyo wa kisa hiki. Enzi za shamba kubwa, mwenye shamba ndiye mwenye korona. Ikiharibika, meneja alihamishia watu kwenye palizi au kupanda, akawalipa siku yao, maana alikuwa na hekta elfu na kazi za kila aina. Leo korona moja inahudumia wakulima wengi, kila mmoja na hekta zake chache. Mkulima anapangiwa zamu. Zamu yake ikifika anahitaji wakataji 20 kwa siku 4, wote kwa pamoja, na ikipita hahitaji hata mmoja. Mashine ikiharibika kwenye zamu yake, zamu inasogea, na ya mwenzake inasogea, na ya wa tatu. Mkulima anayesema wakataji hawapatikani anamaanisha kwamba siku aliyoambiwa "leo ni zamu yako" hakuwapata 20. Kijana anayesema kazi hakuna anamaanisha kwamba wiki mbili zilizotangulia hakuna aliyemwita. Wote wawili wameumizwa na ratiba moja.

Tuliweke jambo hili kwenye shilingi. Kwa amri ya kima cha chini ya mwaka 2022, iliyotumika kuanzia Januari 2023 hadi mwisho wa 2025, mfanyakazi wa kilimo hakupaswa kupata chini ya 140,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama 5,385 kwa siku. Tuseme mwajiri ni mwaminifu na kiwango chake cha mizigo kinalingana na hicho. Mkataji akipata siku 26, anafikia kima cha chini. Korona ikimpa siku 15, anapata 80,775. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa siku yoyote, na mwezi mzima bado uko mbali na kile ambacho sheria ilitaka apate. Mkaguzi wa kazi akija na daftari lake atakuta ujira wa siku ni halali, asaini, aondoke.

Siku zilizokatikakatika zinamla mtu kwa namna nyingine pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo haki ya kiinua mgongo anapoachishwa, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mpaka miaka 10. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumgusi aliye na chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake. Mkataji anayekata leo kwa mkulima huyu na Alhamisi kwa mwingine anaweza kufanya kazi ya mkonge miaka 20, kwenye eneo lisilozidi kilomita 10, na asifikishe miezi 6 kwa mwajiri yeyote. Amekuwa mfanyakazi wa mkonge maisha yake yote, na kisheria karibu hana mwajiri.

Ukishayajua haya, bodaboda inaeleweka. Sikubaliani na wanaosema kijana wa Korogwe amekimbia jasho. Bodaboda ni jua, vumbi, polisi, ajali na marejesho ya mkopo kila jioni. Lakini akiamka anajua kazi ipo, na fedha anaishika siku hiyohiyo. Mkonge ukimpa mkataji uhakika wa aina hiyo, vijana watarudi. Usipompa, hata ujira wa siku upande, watakuja wale tu wasio na njia nyingine, ambao mara nyingi ni wazee wa kambi na akina mama wenye watoto. Vijana wengine wanatazama mbali zaidi, kwenye ujenzi wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, Tanga, au mabasi ya Dar es Salaam. Mkataji mzuri haundwi kwa semina ya siku mbili, na kila anayeondoka anakwenda na ujuzi ambao AMCOS itauhitaji miaka mitatu baadaye.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga mambo Korogwe, ningeanza na korona kabla ya miche. Fedha ya kwanza ingekwenda kwenye ghala la vipuri la pamoja la vyama vyote vitano, na mafundi wawili au watatu wanaolipwa mwaka mzima kuzizungukia mashine kabla hazijaharibika. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya beringi na mikanda, najua, ndiyo maana haijafanyika kwa uzito unaostahili. Zipo pia mashine ndogo za kuhamishika, na zinasaidia shamba lililo mbali, ila zisichukuliwe kama jibu la kila kitu: majani zinayosaga kwa siku ni machache.

Pili ningewaondoa wakataji kwa mkulima mmojammoja na kuwaandikisha kwenye chama. AMCOS ndiyo inayojua zamu zote, basi iwe mwajiri wa kikosi cha wakataji, ikiwahamisha kutoka shamba hadi shamba kufuata ratiba, ikiwachangia hifadhi ya jamii, na kuwahakikishia idadi ya chini ya siku kwa mwezi. Siku 20, kwa mfano. Korona ikisimama, kikosi kinapelekwa kwenye palizi na kusafisha njia za shamba, kazi ambazo sasa zinalala kwa sababu kila mkulima anasubiri fedha yake. Mkulima atakatwa kiasi fulani kwa kila tani ili kulipia uhakika huo. Nimewasikia wanaosema mkulima mdogo hataukubali mzigo huo. Mkulima ambaye jani lake limepitwa na umri mara mbili kwa kukosa watu siku ya zamu tayari anaulipa, tena kwa gharama kubwa zaidi, ila haandikiwi risiti.

La tatu halina gharama yoyote. Kila korona ina kitabu kinachoandikwa saa ilizosaga na saa ilizosimama. Kila mkulima au chama ana karatasi ya majina ya wakataji na mizigo yao. Vitabu hivyo viwili havijawahi kukaa meza moja. Ningevilaza sambamba, mwezi kwa mwezi, na pembeni ya kila jina ningechora safu moja ya ziada yenye visanduku 30. Kila mtu, siku alizofanya kazi. Mtu wa utafiti wa nguvukazi akifika Magoma au Mwelya aanze na safu hiyo, kabla hajamuuliza yeyote kama ana ajira.